Pembe za ero kwenye baiskeli ya mtumba: ganzi vidoleni, shingo inauma, nianzie wapi?

Mama_Pedali, Dar es Salaam

Habari zenu wadau. Naomba msaada, ila nisomeni hadi mwisho kabla hamjaniambia niuze.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, urefu sentimita 163, kazi yangu ya famasia, kutwa nimesimama. Baiskeli ya kawaida ya barabarani naendesha mwaka wa nne sasa. Mwaka huu nimejitosa: nataka kwenda Rubavu, Rwanda, kwenye ile triathloni ya 70.3, yaani unaogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, halafu unakimbia 21.1. Nikanunua baiskeli ya triathloni ya mtumba, fremu ya kaboni, imekuja na kontena kutoka Ulaya. Fremu yenyewe ni saizi yangu. Lakini mwenyewe wa kwanza, kwa alama nilizoziona kwenye nguzo ya kiti, alikuwa twiga.

Usukani wake ni wa ghorofa mbili. Chini kuna usukani bapa wenye breki kwenye ncha. Juu yake kuna pedi mbili za kulazia mikono, na zile pembe mbili za ero, za kulalia ili kukwepa upepo, zinazochomoza mbele zikiwa na swichi za gia kwenye ncha. Pembe ni za kaboni, unene milimita 22.2, zimepinda kama herufi S. Chini ya pedi kulikuwa na vipande vya kuinulia, jumla milimita 40. Mimi kwa ujuaji wangu nikavitoa vyote. Nilishaangalia picha za mabingwa, migongo imelala kama meza, nikasema na mimi nilale.

Jumamosi nikatoka saa kumi na moja alfajiri kuelekea Bagamoyo. Hadi Tegeta nilishika usukani wa chini, bajaji na matuta vile, nani ana ubavu wa kulala? Baada ya Bunju njia ikafunguka, nikalala. Dakika kumi za kwanza, jamani, raha! Nilijisikia nimekuwa mshale. Dakika ya ishirini kidole cha pete na kile kidogo vikaanza kufa ganzi, mkono wa kulia kwanza. Ya arobaini shingo ikawa kama nimejitwisha ndoo ya lita ishirini toka Tegeta. Nateleza kwenye kiti kwenda mbele, najirudisha, nateleza tena. Magoti yanagonga tumbo. Lori likipita, baiskeli inayumba na mimi juu yake kama karatasi. Mbele ya Mapinga nikasimama nikala embe, nikarudi na usukani wa chini njia nzima.

Fundi wa mtaani kwetu amekaza kila kitu upya kwa nguvu zake zote, na sasa bolti moja ya pedi ya kulia inazunguka bure. Halafu anasema pembe ni ndefu mno kwangu, tukate. Kweli nikizishika kwenye ncha, viwiko vinavuka pedi kwenda mbele. Nikate? Msumeno anao mkononi.

Kasi_Msasani

Dada pole. Kata sentimita tano umalize kazi, mimi zangu nilizikata siku ya kwanza nilipozileta nyumbani. Ganzi ni kawaida, mwili utazoea. Na pedi zisogeze zigusane kabisa, upepo ukose pa kuingia. Wenye kasi wote viwiko vimebana.

Timazi, Moshi

Kijana wa Msasani, weka msumeno chini kwanza.

Mama Pedali, nimekuwa seremala na mwalimu wa ufundi miaka thelathini na mbili, sasa nimestaafu na kazi yangu ni kuwarekebishia vijana wa hapa baiskeli barazani kwangu. Nikijibu kwa urefu nivumilie, ndivyo nilivyozoea darasani.

Kwanza hiyo bolti, maana hiyo ndiyo ya hatari. Ulipotoa vile vipande vya milimita 40, ulibadilisha bolti ukaweka fupi? Nadhani hukubadilisha. Bolti zilizokuwa zinapita kwenye vipande ni ndefu. Ukiondoa vipande ukazirudisha zilezile, zinafika mwisho wa tundu kabla hazijaibana pedi. Mkononi unasikia imekaza, kumbe imegota tu. Fundi akiongeza nguvu anakula nyuzi za alumini, yaani ile mifereji ya tundu inayoshika bolti. Ndiyo maana inazunguka bure, na kuyumba kwako lori linapopita, sehemu yake huenda ni pedi inayocheza. Kinyume chake nacho ni kibaya: ukiongeza vipande ukaacha bolti fupi, inashikilia nyuzi mbili tatu, siku ya shimo inang'oka ukiwa umelala juu yake. Usiiendeshe mpaka umelimaliza hilo.

Sasa mkao. Umeanza kujenga nyumba kwa paa. Pembe ndizo za mwisho kupimwa. Cha kwanza ni kiti, halafu pedi, halafu ndio pembe zifuate mikono ilipo.

Kwenye baiskeli ya kawaida bomba la kiti limelala kiasi cha nyuzi 73. Hizi za triathloni limesimama zaidi, 76, 78 na kuendelea, kwa sababu mtu anayelalia viwiko anatakiwa azungushwe mzima mzima kwenda mbele, nyonga na mgongo pamoja. Ukishusha mikono peke yake huku nyonga umeiacha nyuma, unajikunja kama kisu cha kukunja, paja linakutana na tumbo. Wewe unateleza kwenda mbele kwa sababu mwili wako una akili kuliko fundi wako: unatafuta mahali paja lipate nafasi. Basi mpelekee kiti huko huko anakokwenda. Tazama kichwa cha nguzo ya kiti. Nyingi za baiskeli hizi zina sehemu mbili za kufungia au kichwa cha kugeuza, na twiga wako bila shaka alifunga ya nyuma. Chukua uzi, funga nati, uutundike kwenye pua ya kiti; hiyo ndiyo timazi. Kwenye baiskeli ya barabarani uzi unaanguka sentimita kadhaa nyuma ya ekseli ya krenki, pale mikono ya pedali inapozungukia. Kwa anayelalia pembe, wengi wanaishia karibu na ekseli yenyewe. Na kila sentimita unayosogeza kiti mbele, kipandishe kama milimita tatu, kwa maana umekisogeza karibu na pedali bila kujua. Juu ya kiti weka pimamaji. Kiwe sawa, au pua iiname kidogo sana. Ikiinama mno utateleza tena, utarudi hapa kunilaumu.

Kisha rudisha milimita 40 zote chini ya pedi, na bolti zake. Najua inauma. Hao mabingwa wa kwenye picha wamefika pale kwa miaka. Wewe shuka milimita tano, kumi, kila baada ya wiki mbili, na siku shingo ikikataa rudi hatua moja. Mkao ambao unaushika dakika ishirini katika saa tatu haukupunguzii upepo wowote, maana zile saa mbili na dakika arobaini umesimama kama mlango.

Ganzi ya kidole cha pete na kidogo si kawaida na mwili hauizoei. Unaujua ule mfupa wa kiwiko ukigongwa unasikia umeme mpaka vidoleni? Mshipa wa fahamu unapita pale pale. Pembe zako ni ndefu, unazifuata, kiwiko kinavuka pedi na ukingo wa pedi unakaa kwenye mfereji wa mshipa. Pedi inatakiwa ikae kwenye nyama ya kigasha, vidole viwili vitatu mbele ya mfupa wa kiwiko. Mkono wa juu usimame karibu wima toka begani, uzito upite kwenye mfupa kama nguzo ya nyumba, misuli ipumzike. Mwambie mtu akupige picha ya ubavuni ukiwa kwenye trena, ile stendi ya kuendeshea baiskeli ndani ya nyumba, uchore mstari.

Pembe zako zikatae msumeno kwa njia hii: legeza kibano, uzivute nyuma. Mkia utatokeza nyuma ya pedi, uache utokeze, ila hakikisha magoti hayaugusi ukisimama. Endesha hivyo wiki tatu. Ukiridhika, kata mkia, si upande wa swichi. Meno ya msumeno yawe madogo kabisa, zungushia tepu mahali pa kukata, lowesha, funga pua na mdomo, vumbi la kaboni si la kuvuta. Kaboni iliyokatwa fupi hakuna fundi anayeirefusha.

Upana anza na viwiko chini ya mabega. Kubana sana kunaminya kifua, na usukani unakuwa mwepesi kwenye upepo wa pembeni. Ncha ziinue kidogo, nyuzi kumi hadi kumi na tano, mikono ikae kama ya mtu anayeomba dua. Simu yako ina pimamaji ndani, ilaze juu ya pembe usome.

Kukaza ufuate namba iliyochapwa kwenye kifaa, mara nyingi ni Nm 5 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Azima spana ya kupima mkazo. Nm 5 ni ndogo kuliko fundi wa mtaani anavyoamini.

Na Kasi, wewe ulizikata siku ya kwanza ukiwa umepima nini?

MtotoWaZiwa, Gisenyi

Karibu kwetu Rubavu, dada. Mie ni mzaliwa wa Goma, nakaa huku ng'ambo ya mpaka, na huwa nasimama barabarani kuwagawia maji.

Mzee Timazi amesema yote ya vipimo. Mie naongeza la nchi yenyewe: hapa hakuna Bunju. Rwanda ni kupanda na kushuka. Ukipanda unaacha pembe, unashika usukani wa chini, kifua kinafunguka. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalikuja Kigali, nilipanda basi kwenda kuangalia wale wa kupigana na saa peke yao. Mbelgiji Remco Evenepoel alimfikia Tadej Pogačar wa Slovenia aliyeanza dakika mbili na nusu mbele yake, huko karibu na mwisho, kwenye mlima wa mawe wa Kimihurura. Sisi tunapiga kelele, mie natazama mikono. Kwenye lami tambarare wamelala ngumi ziko karibu na kidevu, mlima ukianza wanashika chini. Basi usukani wa chini nao uupime vizuri, utakaa nao sana. Breki ziko huko! Kwenye kushuka kwa kona ukiwa umelala pembe, vidole viko mbali na breki, na mvua yetu haitumi barua.

Lingine, chupa. Ifunge kati ya mikono, mdomo wake ukuelekee. Hata hivyo kwenye hizi mbio huruhusiwi kujificha nyuma ya mtu, unaacha mita 12, kwa hiyo upepo ni wako mwenyewe. Kila unapoinuka kutafuta chupa chini ya fremu, unaulipa.

Timazi, Moshi

Umenikumbusha, mtoto wa ziwa. Hizi pembe watu wa triathloni ndio waliotangulia kuzitumia, wakachekwa. Mwaka 1989 Mmarekani Greg LeMond akaingia siku ya mwisho ya Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, akiwa nyuma ya Mfaransa Laurent Fignon kwa sekunde 50, zimebaki kilomita 24.5 toka Versailles hadi Paris. Yeye kafunga pembe, Fignon hana, tena kichwa wazi na nywele zimefungwa mkia. LeMond akatwaa mbio nzima kwa sekunde 8. Kesho yake hakuna aliyecheka.

Mama_Pedali, Dar es Salaam

Mzee Timazi, shikamoo. Wiki ya nne leo, narudi na majibu.

Bolti! Ni kweli kabisa, niliziacha zilezile ndefu. Na aibu yangu ni hii: muuzaji alikuwa amenifungia kifuko cha plastiki ndani ya boksi, kina bolti za urefu tofauti tofauti, mimi nikadhani ni za akiba nikawapa watoto wachezee. Tumezitafuta chini ya makochi jioni nzima. Moja haijapatikana.

Kiti kilikuwa kimefungwa tundu la nyuma kama ulivyosema. Nimekisogeza mbele sentimita nne na kukipandisha milimita 12. Mume wangu ndiye aliyeshika uzi na nati. Nikapanda kwenye trena, nikakaa dakika 55, sikuteleza hata mara moja. Nilisahau kama kuna kiti. Mama mkwe akapita sebuleni, akaniangalia mikono ilivyo, akauliza, "Huyu anafanya mazoezi au anasali?" Nikajua nyuzi zimefika kumi na tano.

Pembe nimezivuta nyuma sentimita sita, mikia inatokeza, inachekesha lakini haigusi kitu. Ganzi ya kushoto imekwisha siku ile ile. Ya kulia ilichukua kama wiki, na hapo ndipo niligundua kuwa sponji ya pedi ya kulia ilishakufa, nilikuwa nalalia plastiki. Pedi mpya za aina hii hapa mjini sikuzipata. Nikachukua kandambili, nikakata soli kwa kufuata umbo la pedi, mbili kila upande, nikazivisha kitambaa cha taitsi kuukuu na kuzishika kwa velkro niliyonunua Kariakoo kwa wauza vifaa vya ushonaji. Zinapita sponji ya zamani kwa mbali: hazinywi jasho. Sponji ile ilikuwa ikilowa inanuka kama kitambaa cha deki.

Na jasho, wenzangu wa pwani, angalieni. Ukilala kwenye pembe, jasho la uso lote linadondokea shingo ya usukani. Nilipofungua, vichwa vya bolti vilishaota kutu, na moja ilibidi nimwagie mafuta ilale nayo usiku. Sasa kila nikirudi nafuta kwa kitambaa chenye maji baridi, nakausha, na bolti zote nimezipaka grisi kwenye nyuzi. Kwenye vibano vya kaboni sikupaka grisi. Nimetumia ile losheni yenye chengachenga ya kushikisha kaboni, kijana mmoja wa kundi letu alinigawia kijiko.

Chupa nimeifunga kati ya mikono kwa kebo tai nne, mdomo kwangu. Kebo tai mbili hazikutosha, tuta la kwanza chupa ilinipiga kidevu.

Jumamosi iliyopita nikarudi njia ile ile. Bunju hadi Mapinga na kuendelea, nimelala dakika 70 kwa mafungu matatu, nikiinuka kwenye vijiji na palipo na matuta. Vipande nimebakisha milimita 35. Wiki iliyotangulia nilijaribu 30, shingo ikasema la, nikarudi. Bado shingo inachoka mwishoni, lakini ni uchovu, si maumivu.

Kilichobaki ni lile tundu lililokula nyuzi. Kwa sasa pedi ya kulia nimeihamishia matundu mengine ya pembeni, kwa hiyo kulia ni pana kuliko kushoto kwa kama sentimita moja na nusu. Fundi anashauri gundi ya chuma. Niitie?

Timazi, Moshi

Marahaba mwanangu. Gundi hapana. Siku utakapotaka kuifungua hutaifungua, na siku itakapoachia haitakupa taarifa. Kama alumini kuzunguka tundu ni nene, mpelekee fundi mashine, si wa baiskeli, atoboe na kutia nyuzi za M6 (bolti ya milimita 6) badala ya M5, naye apanue na tundu la pedi. Kama ni nyembamba, tafuta kibano chenyewe cha mtumba. Kwa sasa hamisha na pedi ya kushoto tundu lile lile la nje, zilingane. Upana utauzoea, kupinda hutakuzoea. Soli za kandambili nitaziiba.

Kasi_Msasani

Mzee, uliniuliza nilipima nini siku ile. Sikupima. Jana nimekaa nikaangalia, pedi yangu iko kwenye mfupa, ganzi ninayo tangu mwaka juzi nikidhani ndiyo ukomavu. Nikitaka kuirekebisha, mkono haufiki kwenye swichi vizuri, nimejikunja kama panzi. Zile za kaboni nilizokata, hakuna kiungio?

Timazi, Moshi

Hakuna. Nunua za alumini, bei yake ni ndogo. Zikifika nitumie picha kabla hujagusa kitu.